Nani Kawasha Moto?

Kwa hesabu ya ofisi ya hosteli, chumba chetu kina watu wanne. Kwa hesabu ya ukweli tuko watano, maana mmoja tunambeba, na nani hapa chuoni hajawahi kubeba au kubebwa? Majina yetu halisi hayana kazi kwenye makala hii. Tangu mwaka wa pili uanze tunaitana kwa majina ya tamthilia ya Kiingereza, Downton Abbey. Yule wa sheria, anayelala kitanda cha juu na ambaye hajawahi kuosha sufuria bila kuombwa mara tatu, ni Lady Mary. Anayetupikia kwa jiko la koili huku mwenzake akichungulia korido kama wadeni anapita, ni Bi Patmore. Tunayembeba ni Bates, kwa sababu alikuja na begi moja na siku ile ile tukajua ataishia kwenye kesi. Mpole wa ualimu, ambaye hata foleni ya chipsi ikifika kwake chipsi zinaisha, ni Edith. Mimi ni Bibi Violet, kwa sababu ya mdomo.

Kwa ambaye hajaiona: Downton Abbey ilianza kuonyeshwa Uingereza Septemba 2010, ikaenda misimu sita hadi Krismasi ya 2015. Inaanza Aprili 1912, asubuhi ambayo habari za kuzama kwa Titanic zinafika kwenye jumba la familia ya Crawley, ambayo mrithi wake amekufa kwenye meli hiyo. Juu wanakaa wenye nyumba, na magauni yao, na chakula cha jioni cha kubadilishia nguo. Chini wanakaa watumishi: mkuu wao Carson, msimamizi wa nyumba Bi Hughes, mpishi Bi Patmore, na chini kabisa ya hao wote msichana wa jikoni anaitwa Daisy. Jumba lenyewe ni la kweli, linaitwa Highclere, liko Hampshire. Ila jikoni unakokuona si la jumba lile. Lilijengwa studio, Ealing, London. Yaani kila mtumishi anapobeba sinia kupanda ngazi kwenda juu, kiukweli anatoka mji mmoja na kutokea mwingine. Edith ndiye aliyetuambia hilo, tukacheka, tukaendelea.

Ijumaa usiku ndio ibada yetu. Kompyuta mpakato inakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, Bi Patmore anagawa tambi, anayekuja na soda ndiye anayepewa mto. Mwezi ambao bumu limechelewa tunakunywa chai ya rangi na kuangalia Waingereza wakila kozi saba. Halafu tunagombana. Hakuna raha kama ya kugombania watu ambao hawajui kama upo.

Ugomvi wetu mkubwa wa mwaka jana ulikuwa huu: nani mkali, Maggie Smith au Shirley MacLaine? Msimu wa tatu walimleta MacLaine kutoka Marekani acheze Martha, mama wa Lady Grantham, tajiri mwenye maneno, ili agongane na Bibi Violet wa Maggie Smith. Lady Mary alikuwa upande wa MacLaine. Alitutoa kwenye Downton akatupeleka hadi mwaka 1960, kwenye The Apartment, filamu ambayo MacLaine ni msichana wa kuendesha lifti kwenye ofisi moja ya New York, anachezewa moyo na bosi. "Mtu aliyeweza kucheza vile akiwa binti, mnamwambiaje hana kitu?" Mimi nikajibu kwamba Maggie Smith alishachukua Oscar mbili kabla MacLaine hajapata hata moja, na kwamba hakuna binadamu mwingine anayeweza kuuliza wikendi ni kitu gani, kwa uso mkavu, na ukamwamini kwamba kweli hajui. Bates akatafuta akakuta wote wawili wamezaliwa 1934. "Basi ni shule moja, madarasa tofauti," akasema, na kesi ikafungwa. Maggie Smith alipofariki Septemba 2024, mimi nilikuwa bado sijafika chuo, sikuwa na wa kumwambia. Ndiyo maana nathamini kile chumba. Huzuni nyingine zinahitaji watu wanaoelewa unamlilia nani.

Kutoka The Apartment tukazama kwenye sinema za zamani mzima mzima. Lady Mary akatuletea Olivia de Havilland, si kwa ajili ya sura bali kwa ajili ya kesi. Zamani studio za Hollywood zilimfunga mwigizaji kwa mkataba wa miaka saba. Akikataa filamu anasimamishwa, na muda wa kusimamishwa unaongezwa mwishoni, kwa hiyo saba inakuwa saba na ushee. De Havilland akaishtaki Warner Bros. na kushinda. Mahakama ya rufaa ya California ikasema miaka saba ni miaka saba ya kalenda. Hiyo ilikuwa 1944. Alikaa muda mrefu bila filamu wakati wa kesi, lakini alikuja kuchukua Oscar mbili, na akaishi hadi 2020, miaka 104. Lady Mary alikuwa akisimulia hadi amesimama kitandani, kichwa kinagusa dari. Bates naye, kwa kuwa katoka Arusha, hakubali sinema ya zamani ipite bila kutukumbusha kwamba John Wayne alikuja kwao Momella kucheza Hatari!, iliyotoka 1962, na anaapa babu yake aliwaona wakifukuza wanyama kwa magari. Tulipoitafuta tukamwomba atuonyeshe babu. Akasema labda ni mmoja wa wale wanaoshika kamba.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kulikuwa na mzaha wa chumba. Kila Daisy akitokea kwenye skrini, Lady Mary alikuwa anasema, "Beki tatu huyo kachelewa tena." Wote tunacheka. Daisy akidondosha kitu: "Beki tatu, tutakukata mshahara." Tunacheka. Na mimi, Bibi Violet mwenye mdomo, ndiye niliyekuwa nacheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu mama yangu ni beki tatu.

Sikuwahi kudanganya. Nilipoulizwa mwaka wa kwanza mama anafanya kazi wapi, nilijibu Masaki. Ni kweli. Mtu akisikia Masaki anajijazia mwenyewe: shirika, ubalozi, kampuni ya kigeni. Niliwaacha wajijazie. Ile kompyuta ya ibada ya Ijumaa, ambayo wenzangu waliiona kama ushahidi wa kwetu kuzuri, alinipa madamu wa mama aliponunua mpya. Nimekuja kusoma kwamba kwenye majumba yale ya Uingereza ilikuwa kawaida mtumishi wa chumbani kurithi magauni ambayo bibi mwenye nyumba ameyachoka. Basi mimi nilikuwa na gauni langu, linachaji.

Mama analala kazini. Anakuja nyumbani Mbagala Jumamosi jioni, anaondoka Jumapili jioni. Imekuwa hivyo tangu niko chekechea, mimi nikilelewa na bibi. Pasaka iliyopita mabosi walisafiri, akapata siku nne mfululizo. Siku ya pili umeme ulikuwepo, king'amuzi kimeisha malipo, na tamthilia yake ya Kituruki, ile ya Sultan Suleiman iliyotiwa sauti za Kiswahili, alikuwa keshaimaliza zamani. Nikamwambia, mama, nina ya Wazungu, ya kasri vilevile. Akasema weka. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo nikawa kama wale watafsiri wa kibanda umiza: huyu kasema hivi, yule kajibu vile. Nilitaka aone magauni. Nilitaka aone Bibi Violet.

Hatukufika kwa Bibi Violet. Dakika za mwanzo kabisa, jumba linaamka. Kuna kasichana kanapita vyumbani na ndoo alfajiri, kanapiga magoti, kanawasha moto kwenye mahali pa kuotea. Mimi nilishaangalia sehemu ile labda mara nne. Mama akasema, "Hebu rudisha nyuma."

Nikarudisha.

"Huyo mtoto kaamka saa ngapi?"

Nikasema sijui, kumi na moja hivi, au kumi.

"Na hao wengine wakiamka wanakuta pana joto. Watajuaje kama palikuwa na baridi?"

Nikasema ndiyo, ndiyo kazi yake, anaitwa Daisy. Akauliza yule mtoto ana miaka mingapi, nikasema labda kumi na saba. Hakuongeza neno. Baadaye kidogo ikafika sehemu watumishi wanapiga pasi gazeti la bwana ili wino usimchafue mikono, na hapo mama alicheka hadi akashika ubavu. "Gazeti linapigwa pasi! Jamani! Na mimi nilidhani soksi ndio mwisho." Sikujua kama mama anapiga pasi soksi za watu. Ningejuaje? Sijawahi kumuuliza siku yake inavyokwenda.

Toka hapo tukaangalia tamthilia nyingine kabisa kupitia faili zile zile. Mama hakuwa anafuata nani ataolewa na nani. Alikuwa anahesabu ngazi. Aliuliza mbona hakuna anayeumwa mgongo. Carson alipozungumza kwa uchungu kuhusu heshima ya nyumba, mama akasema, "Huyu anaipenda nyumba kuliko wenye nyumba. Nimefanya kazi na mlinzi wa namna hii. Ukivunja glasi anaumia yeye." Alifurahi nilipomweleza kwamba msimamizi na mpishi kwenye majumba yale waliitwa "Bibi fulani" hata kama hawajaolewa, kwa heshima ya cheo. Mama ana miaka arobaini na nane. Kule anakofanya kazi, watoto aliowaogesha tangu wachanga wanamwita dada. Wageni wanamwita dada. Madamu, aliyemzidi yeye umri kwa mbali, anamwita dada. Si tusi. Ni kwamba hakuna anayehitaji jina.

Halafu ukafika ule mkasa wa macho. Kwenye msimu wa kwanza Bi Patmore, mpishi, anaanza kupofuka na anaficha. Anaungua, anakosea, anamgombeza Daisy ili makosa yaonekane ya Daisy. Mwishowe inajulikana, na Lord Grantham, badala ya kumfukuza, anamlipia operesheni London. Ni sehemu tamu. Chumbani kwetu Edith alilia. Nikamtazama mama nione kama analia.

"Hii kaandika mwenye nyumba," akasema.

Nikamuuliza kwa nini, mbona kuna mabosi wema, na madamu wake si alimlipia hospitali mwaka ule wa presha?

"Alinilipia, Mungu ambariki. Sijasema wema hawapo. Ila angalia: akisimulia mwenye nyumba, anakumbuka operesheni aliyolipia. Mpishi mwenyewe akisimulia, atakwambia ile miezi aliyokuwa anakata nyama haoni, anaogopa kusema. Hiyo wameipitisha haraka haraka, wamefika kwenye wema."

Nikachukua simu, nikatafuta. Downton Abbey imeandikwa na Julian Fellowes, na kuanzia 2011 Fellowes ni Lord kweli, ana kiti kwenye Bunge la Malodi. Nikamsomea. Mama akainua mabega kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yanalowesha.

Niliendelea kutafuta usiku ule, yeye akiwa amelala. Nikakuta ya zamani zaidi, Upstairs, Downstairs, iliyoanza 1971, ya nyumba moja ya London, mabwana juu na watumishi chini. Wazo lake lilikuwa la waigizaji wawili wanawake, Jean Marsh na Eileen Atkins. Na kila mmoja wao alikuwa na mzazi aliyewahi kuwa mtumishi wa ndani. Mama yake Marsh alikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Marsh hakubuni wazo tu. Alicheza mwenyewe kama Rose, mmoja wa wale wasichana wa kazi, akachukua tuzo ya Emmy kwa uigizaji ule. Nilikaa gizani na simu yangu nikifikiri: kuna mtu aliwahi kuwa na mama kama wangu, na alichofanya ni kuvaa aproni ya mama yake mbele ya taifa zima. Mimi nilichofanya ni kusema "Masaki".

Siku ya tatu ikawa zamu ya Gwen. Gwen ni msichana wa kazi anayejifunza kupiga taipu kwa siri, kwa posta, ili awe karani. Mashine ameificha chumbani kwake. Inagunduliwa, inashushwa chini, na watumishi wenzake wanakaa kuizunguka kama wamekamata mwizi. Gwen anasema ukweli wake: hataki kufa akiwa mtumishi. Mama alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama.

"Mimi nilikuficha wewe," akasema.

Aliniambia kwa kifupi, jinsi anavyosema mambo yote. Alipoitwa ile kazi mara ya kwanza waliuliza kama ana mtoto mdogo, maana hawakutaka mtu wa kuomba ruhusa kila wiki mtoto akiumwa. Akasema hana. Miaka miwili mimi sikuwepo. Nilipopata malaria, ile kali, aliomba ruhusa ya msiba. Siku madamu alipokuja kujua, alidhani anafukuzwa, akafungasha kabisa. Madamu akamwambia angesema tu. "Labda kweli ningesema tu," mama akasema. "Lakini anayeuliza hajui anauliza nini." Akarudi kwenye mchele.

Nilirudi chuoni Jumatatu na Ijumaa ikafika. Ratiba ilikuwa Gone with the Wind, karibu saa nne za sinema ya 1939, chaguo la Lady Mary, kwa ajili ya Clark Gable na Vivien Leigh na lile gauni la mapazia. Kabla ya kuanza, Bi Patmore akamwomba Edith amsaidie kuosha vikombe, na Lady Mary, kutoka juu, bila ubaya wowote, akasema, "Mwiteni beki tatu."

Nikasema, "Mama yangu ni beki tatu. Masaki. Mwaka wa kumi na sita huu."

Sikuipanga. Ilitoka na sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja namba ya chumba. Koili ilikuwa inachemka, ndiyo sauti pekee iliyokuwepo. Bates akasema "aisee" polepole. Lady Mary alichelewa kujibu, na alipojibu alijitetea kwanza, kama mwanasheria: ni utani, hata kwao kuna dada na anampenda sana, hakumaanisha mtu. Nikamuuliza huyo dada anaitwa nani. Akataja jina moja la kwanza. La pili hakuwa nalo. Naye akajisikia, nilimwona. Edith akasema tuangalie sinema.

Tukaangalia, na bahati mbaya au nzuri, haikuwa sinema ya kutupumzisha. Ni Kusini mwa Marekani, wakati wa vita na baada yake, na nyumba nzima inashikiliwa na mwanamke mmoja mweusi, mtumwa, mnene, mwenye macho yanayoona kila uongo wa Scarlett. Filamu nzima haimpi jina. Anaitwa Mammy. Anayemcheza ni Hattie McDaniel.

Lady Mary, labda kwa kutaka kuwa upande wangu sasa, akasema Hattie alipaswa kukataa. Kwamba aliwadhalilisha watu wake kwa kuwachezea Wazungu mtumwa anayependa mabwana. Hoja hiyo si mpya. Wakati ule ule chama cha kutetea haki za weusi, NAACP, kupitia kiongozi wake Walter White, kililalamika sana kuhusu majukumu ya namna ile. Na mimi niliyekuwa nimekasirika na beki tatu, nikajikuta namtetea Mammy kwa nguvu zote.

Nikawaambia niliyoyasoma. Wazazi wa Hattie walizaliwa utumwani. Yeye mwenyewe, kabla na hata baada ya kuanza sanaa, aliishi kwa kazi za kufua na kupika kwenye nyumba za watu. Jibu linalotajwa sana kuwa ni lake kwa waliomlaumu ni kwamba heri kuigiza mtumishi kwa dola mia saba kwa wiki kuliko kuwa mtumishi kwa dola saba. Filamu ilipozinduliwa Atlanta, Desemba 1939, waigizaji weusi hawakuwepo, kwa sababu ya sheria za ubaguzi za Georgia. Tarehe 29 Februari 1940 akapewa Oscar, mweusi wa kwanza kuipata, na kwenye ukumbi ule wa hoteli ya Ambassador, Los Angeles, aliketishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu. Aliyeshindwa naye kwenye tuzo ile ile alikuwa nani? Olivia de Havilland, shujaa wa Lady Mary, aliyekaa meza kubwa. Hattie alipofariki 1952 alikuwa ameomba azikwe kwenye makaburi ya Hollywood, wakakataa kwa sababu ya rangi. Walikuja kumwekea mnara wa kumbukumbu pale 1999. Na tuzo yake, ambayo siku hizo kwa waigizaji wasaidizi ilikuwa kibao, si sanamu, aliiacha kwa chuo kikuu, Howard, ikawekwa kwenye idara ya sanaa za maonyesho, halafu ikapotea. Haijaonekana hadi leo. Mwaka 2023 chuo kikapewa nyingine badala yake.

"Kwa hiyo aliiacha kwa wanafunzi," akasema Edith.

"Aliiacha kwa wanafunzi," nikasema.

Lady Mary akauliza kitu ambacho bado sijakimaliza kichwani: "Kama alichofanya kilikuwa sawa, kwa nini kinauma kukiangalia?" Hakuna aliyejibu. Nafikiri yote mawili ni kweli kwa pamoja. Lile jukumu lilikuwa la kudhalilisha na yule mwanamke hakudhalilika. Ada yangu imelipwa na soksi zilizopigwa pasi. Sitasema kazi ile ni tamu ili nionekane najivunia, na sitasema mama ni wa kuhurumiwa ili nionekane nina msimamo. Anajua kuona kuliko darasa letu zima la uchambuzi wa tamthilia.

Hatujaacha Downton. Najua makala za namna hii huishia kwa mwandishi kutangaza kwamba kaacha, kaokoka. Mi bado napenda magauni. Bado nasema Maggie Smith, na Lady Mary bado anasema MacLaine, na neno beki tatu limepungua lakini halijafa. Siku moja limemtoka Bates na tukamwangalia wote hadi akaziba mdomo. Kilichobadilika ni kwamba tunaangalia pembeni ya skrini. Mtu anaingia na sinia na Bi Patmore anasema, huyo kapanda ngazi ngapi? Wiki ile ile ya ugomvi, usiku wa manane, Lady Mary aligonga chaga za kitanda kutoka juu.

"Bibi Violet. Umelala?"

"Bado."

"Mama yako anaitwa nani? Yote mawili."

Nikamwambia. Sitaliandika hapa, si kwa kuficha. Gazeti hili linasomwa na watu wengi na sijamwomba ruhusa mwenyewe. Ila nawe msomaji, kabla hujafungua ukurasa mwingine, jaribu kulitaja jina la yule anayefua mashuka kwenu, au la mama anayedeki korido ya bloku yenu saa kumi na mbili asubuhi ukiwa unaruka beseni lake kuwahi kipindi. Yote mawili.

Jumapili iliyopita mama alinipigia akiwa njiani kurudi kazini, kelele za daladala nyuma yake. Nikaamkia, akaitikia, akauliza kuhusu test, akauliza kama nakula. Halafu akasema, "Yule mtoto wa kuwasha moto. Uliniambia baadaye anasoma."

Ni kweli, nilikuwa nimemsimulia. Misimu ya mwisho Daisy anasoma jikoni, katikati ya masufuria, anafanya mitihani.

"Alifaulu?"

"Alifaulu, mama. Vizuri sana."

Alinyamaza, nikasikia konda akiita Masaki, Masaki.

"Haya," akasema. "Mimi nashuka hapa."